Naambiwa mbuyu uliomo ndani ya kiwanja changu siruhusiwi kuukata. Ni sheria ipi hiyo?

#1 Kiwanja Namba Tisa
Wakuu, salaam.

Nilinunua kiwanja mwaka juzi, njia ya Bagamoyo, mtaa sitautaja. Kimepimwa, hati ninayo, kibali cha ujenzi kimetoka mwezi uliopita. Sasa pale ramani inapotaka sebule pamesimama mbuyu. Si mbuyu wa kuchekea, watu wanne tukishikana mikono hatuumalizi.

Wiki iliyopita nikaleta vijana wawili na msumeno wa mashine. Hawajauwasha, mtendaji wa mtaa huyo hapo, mjumbe nyuma yake. "Kibali kiko wapi?" Nikatoa cha ujenzi. Akasema hicho ni cha nyumba, anataka cha mti. Nikamuuliza cha mti kinatolewa wapi. Akaangalia juu kwenye matawi, akasema, "Tutaangalia namna."

Naomba kujua mambo mawili. Mti ulio ndani ya kiwanja chenye hati ni wa nani? Na kama kuna sheria inayonizuia, ni ipi? Nipeni sheria, "nimesikia" zimenitosha huku mtaani.

#2 Chumvi Kidogo
"Tutaangalia namna" 😂😂 Mkuu si umeshajibiwa? Unatakiwa kuzunguka mbuyu. Wenzako huwa wanautafuta wa kuzunguka, wewe unao nyumbani.

#3 Karanga za Kuchemsha
Nimekaa siti ya mbele. Endeleeni.

#4 Mjenzi wa Madale
Usitishwe. Ardhi yako, mti wako. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, soma tafsiri ya neno "ardhi", humo ndani vimo na vitu vinavyoota juu yake kwa asili. Mimi nimekata miembe mitatu na mkorosho mmoja nikamwaga msingi, hakuna hata kuku aliyekuja kuniuliza. Huyo mtendaji anatafuta ya soda.

#5 Bwana Miti Mstaafu
Mjenzi (#4), umesoma mstari mmoja ukafunga kitabu. Tafsiri hiyo ni kweli ipo. Lakini sheria hiyohiyo inasema ardhi yote ya nchi hii ni ya umma, Rais ni mdhamini, na wewe umepewa haki ya kuikalia kwa miaka 33, 66 au 99, tena kwa masharti. Kwa hiyo usiisome hati kama hati ya kununua gari.

Halafu kuna Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002, iliyochukua nafasi ya ile ya mkoloni ya 1957. Inampa Waziri uwezo wa kutangaza aina fulani za miti kuwa miti iliyohifadhiwa, ambayo haikatwi bila leseni. Mtoa mada muulize mtendaji wako swali moja tu, kwa adabu: mbuyu umetangazwa kwenye tangazo lipi? Kila mtu mtaani anaitaja orodha, aliyeishika mkononi simuoni.

Na miembe usiitolee mfano. Mwembe umepandwa na mtu, una mwenyewe tangu siku ya kwanza. Mbuyu ule nani aliupanda?

#6 Chumvi Kidogo
Aliyeupanda aliupanda kichwa chini miguu juu, halafu akakimbia. Ndiyo maana hadi leo hajajitokeza kudai fidia.

#7 Bonde Limejaa
Mnahangaika na misitu bure. Hapa inayofanya kazi ni sheria ya mazingira. Kama kuna mto au kijito karibu, hairuhusiwi shughuli yoyote ndani ya mita 30. Mtoa mada, kuna maji karibu?

#8 Bwana Miti Mstaafu
Mita 60, siyo 30. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya 2004, kifungu cha 57. Kutoka ukingo wa mto, ufukwe wa bahari au ziwa, na mabwawa.

#9 Pwani Tamu
Hamjambo majirani. Huyo wa #7 hajakosea sana, amevuka mpaka tu. Huku Kenya kanuni zetu zinasema kutoka mita 6 hadi 30, kulingana na upana wa mto, zikipimwa toka pale mafuriko yanapofikia. Yeye amebeba namba yetu akaipeleka Dar.

#10 Bonde Limejaa
Asante kwa kunitetea jirani. Bwana Miti nimeelewa, ni 60.

#11 Kiwanja Namba Tisa
Mto hakuna. Kuna korongo nyuma ya kiwanja, linapita maji wakati wa masika, kiangazi watoto wanachezea mpira humo humo. Kutoka kwenye mbuyu mpaka ukingo wa korongo ni hatua kama arobaini.

#12 Chumvi Kidogo
Hatua arobaini? Na nyumba yenyewe je?

#13 Kiwanja Namba Tisa
Kwenye ramani nyumba inaanzia hapo kwenye mbuyu kuelekea korongoni.

#14 Chumvi Kidogo
😳

#15 Karanga za Kuchemsha
Kaka umekuja kuulizia mti, sasa tunaanza kuulizia nyumba. Karanga zimeisha, naongeza nyingine.

#16 Kiwanja Namba Tisa
Jamani. Mimi nimetoka kuulizia mbuyu. Kibali cha ujenzi kimetolewa na watu waliokuja na vipimo vyao wakaliona korongo. Tuliache korongo.

#17 Wakili Asiye na Joho
Wewe unaweza kuliacha, lenyewe sijui kama litakuacha. Sheria inataja mto, sasa korongo la msimu ni mto au si mto? Hapo mawakili tunakula. Nimeona watu wakibishana kwa picha za masika dhidi ya picha za Septemba, kila mmoja na picha yake. Na kibali cha ujenzi hakigeuzi hatua 40 kuwa mita 60.

Turudi kwenye mti. Mmeisahau sheria ya tatu, tena ndiyo ya karibu zaidi na mtendaji: sheria ndogo za manispaa. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) Na. 8 ya 1982 inaziruhusu halmashauri kutunga zake, za usafi, masoko, mifugo, na miti pia. Ila sheria ndogo haianzi kufanya kazi kwa kutamkwa. Lazima itangazwe kwenye Gazeti la Serikali, ipate namba ya tangazo. Kwa hiyo swali la Bwana Miti (#5) lifanye mawili: tangazo la Waziri namba ngapi, na sheria ndogo tangazo namba ngapi. Akikosa yote mawili, basi "namna" yake tunaijua.

#18 Mjenzi wa Madale
Ndicho nilichosema tangu #4 lakini nilikosa joho.

#19 Dereva wa Kenta
Mimi nitawapa la kwangu, wala si la kusoma kitabuni. Nilikuwa na mninga kwenye kiwanja changu Kibaha. Nikaukata, jirani akaja kunisaidia kuvuta kamba, mwenyekiti wa mtaa akapita akasalimia. Kimya. Nikapasua mbao pale pale, nikapakia niende nazo Dar nikatengeneze kitanda. Kizuizi cha kwanza tu nikashushwa. Hati ya kusafirishia mazao ya misitu iko wapi? Nikasema mti wangu, kiwanja changu, na mbao zinakwenda kwenye kitanda changu. Wale maliasili wakacheka. Faini nililipa, halali kabisa, kwa kontro namba na risiti, wala si ya soda. Kitanda kilinigharimu kuliko cha dukani.

Kukata hakukuniletea kesi. Kesi ilinikuta kwenye kusafirisha.

#20 Fundi Futi Mbili
Dereva wa Kenta, mninga una mbao. Mbuyu utausafirisha uende wapi? Hauna ubao, ni manyuzinyuzi na maji matupu. Niliwahi kuitwa kuangusha mmoja, kijana akaingiza msumeno, ukanywa maji ukazima, mnyororo umeng'ang'ania humo ndani mpaka tukautoa kwa shoka. Tulifanya kazi ile siku tatu. Na ukishaanguka hauchomeki, unaoza kama gunia la makumbi lililoloweshwa, harufu mtaa mzima.

Mtoa mada, kabla hujauliza sheria uliza gharama. Katapila tu kuzing'oa hizo taka utashangaa. Na mizizi yake haiendi chini sana, inatambaa mbali. Ukiukata ukajenga juu yake, mizizi ikioza chini ya msingi, sakafu itakuja kukuambia.

#21 Mama Pacha wa Boko
Fundi umesema kweli tupu. Mimi kwangu shida ilikuwa kinyume, nilitaka WAUKATE. Si mbuyu, mkuyu, umeegemea upande wa choo na chumba cha watoto. Nimeandika barua kwenye ofisi moja ya umma, wakaniambia nipeleke picha. Nikapeleka. Wakasema aje mtaalamu aukague. Miezi sita. Zilipokuja mvua tawi likashuka lenyewe, bati za choo zikaenda nalo. Siku ya tatu mtaalamu huyo hapo na daftari. Nikamwambia baba, chelewa ufike.

Kwa hiyo mnaosema miti haina ulinzi, mkuyu wangu ulilindwa vizuri sana, mimi ndiye sikulindwa.

#22 Chumvi Kidogo
Pole mama. Hapo kwenye "chelewa ufike" nimecheka peke yangu kwenye daladala.

#23 Kibaridi cha Reading
Habari za nyumbani. Niko Uingereza miaka kumi na minne, nikiwasoma naona mnaishi paradiso. Huku kuna kitu kinaitwa amri ya kulinda mti. Halmashauri ya eneo inatoa amri kwa mti mmoja, au kundi, au eneo lote, hata kama mti uko uani kwako, umeupanda mwenyewe na umeulipia maji. Ukishawekewa amri hukati, hupogoi, huchimbi mizizi mpaka uombe. Kuomba ni bure, wanajibu ndani ya wiki nane. Ukikaa kwenye eneo la hifadhi ya majengo ya kale, hata mti usio na amri lazima utoe taarifa wiki sita kabla, ilimradi shina limezidi unene wa milimita 75.

Na hawatanii. Kuna mwenye nyumba mmoja Poole, mtaa wa Canford Cliffs, mitaa ya wenye nazo, aliua msonobari wa jirani uliokuwa umemziba asiione bandari. Faini pauni 75,000. Halafu mahakama ikasema nyumba yako sasa inaiona bahari, thamani imepanda, hiyo faida ni mapato ya uhalifu, wakamnyang'anya pauni 50,000 nyingine juu. Akakata rufaa, 2013 akashindwa.

#24 Mjenzi wa Madale
Pauni 125,000 kwa msonobari??? Hiyo ni nyumba mbili za Madale na baki ya uzio.

#25 Karanga za Kuchemsha
Wanalinda miti yao. Yetu walipokuja walilinda pia?

#26 Bwana Miti Mstaafu
Karanga, unatania lakini swali lina maana. Mikoko ya pwani hii ilianza kuwekwa chini ya hifadhi enzi za Mjerumani, na hadi leo mikoko ni hifadhi ya taifa, kuanzia Tanga mpaka Mtwara. Mtu wa Mbweni au Kunduchi akikata mkoko, hata ukiwa umeota ukutani kwake, ajue amegusa msitu wa serikali. Kwa hiyo mti wa mjini wenye ulinzi usio na ubishi upo: ni mkoko. Ulilindwa kwa sababu mkoloni alitaka nguzo zake na magome yake, wala si kwa huruma. Mbuyu haukuwa na biashara, ukaachwa.

#27 Pwani Tamu
Haukuwa na biashara zamani. Sasa unayo, niulizeni mimi wa Kilifi. Mwaka 2022 walikuja watu kung'oa mibuyu mizima, na mizizi na udongo wake, wapakie meli waipeleke Georgia, ile nchi ya kule Bahari Nyeusi, ikapambe bustani ya tajiri. Wenye mashamba walilipwa malaki, wakafurahi, wengine walitaka nafasi ya kulima mahindi tu. Hakuna aliyewaambia wakulima wasiuze mti wao. Kelele zilipozidi, Novemba ile Rais Ruto akaamuru wizara ya mazingira ichunguze kama kibali kilifuata Itifaki ya Nagoya, ile ya jamii kupata mgao wa mali asili yake.

Kwa hiyo Kiwanja Namba Tisa, usiukate. Mtafute Mgeorgia 😄

#28 Njiwa wa Westlands
Na sisi Nairobi tuna wetu. Ule mugumo (mti wa jamii ya mkuyu) wa Waiyaki Way ulikuwa mahali pa kupita barabara ya Nairobi Expressway. Kwanza wakasema utang'olewa upandwe kwingine, watu wakalia, Novemba 2020 ukaokolewa kwa amri ya Rais Uhuru, ukawekwa chini ya usimamizi wa jiji. Mti mmoja, amri ya Rais nzima.

#29 Bonde Limejaa
Si waliukata baadaye?

#30 Njiwa wa Westlands
Zii, haukukatwa. Barabara ndiyo ilijipanga. Unachanganya na ile miti mingine ya kando ya barabara, hiyo ndiyo haikupata amri. Hapo ndipo mimi hubaki na swali: mugumo ulipona kwa sababu ya sheria, ama kwa sababu ni mugumo? Kwa Wakikuyu huo si mti wa kuguswa ovyo. Ungekuwa mkaratusi nani angelia?

#31 Mpemba Hana Haraka
Assalaam alaykum. Nimesoma yote, mnajadili mti na ardhi kama kitu kimoja. Huku kwetu visiwani tangu mababu, ardhi yaweza kuwa ya fulani na minazi iliyo juu yake ya mtu mwengine kabisa. Babu yangu alikuwa na minazi kwenye shamba la watu, anakwenda kuangua, anapita, salaam, anarudi na nazi zake. Wenye shamba hawawezi kuikata. Akifa, minazi hurithiwa kivyake. Na mkarafuu ndio usiseme, kuukata bila ruhusa ni kosa lenye sheria yake.

Sasa ndugu yangu wa #1, aliyekuuzia ardhi alikuuzia na mbuyu? Umo ndani ya mkataba?

#32 Kiwanja Namba Tisa
Shehe mkataba unasema "kiwanja pamoja na maendelezo yake". Mbuyu ni maendelezo?

#33 Wakili Asiye na Joho
Mbuyu ulikuwepo kabla ya mwenye kiwanja, kabla ya mpima, pengine kabla ya Dar es Salaam. Kuuita maendelezo ni kuutukana.

#34 Muuza Dodo
Naomba niulize pembeni samahani. Mwembe wa jirani umeingiza tawi kwangu, maembe yanaangukia uani kwangu. Nakula mimi. Jirani anataka kununa. Nina haki?

#35 Wakili Asiye na Joho
Muuza Dodo umenifurahisha, maana hili lina jibu lililonyooka kuliko la mbuyu. Sisi tulipokea sheria ya Kiingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Kwenye sheria hiyo kuna kesi ya Lemmon dhidi ya Webb ya miaka ya 1890: tawi likivuka mpaka, unaruhusiwa kulikata mpaka kwenye mstari wa mpaka, hata bila kumpa jirani taarifa, mradi usiingie kwake. Halafu kuna Mills dhidi ya Brooker ya 1919, mwaka mmoja tu kabla ya tarehe yetu, nayo ilihusu matunda hasa, matufaha. Jamaa alikata matawi ya jirani akauza matufaha. Mahakama ikasema haki ya kukata unayo, haki ya matunda huna, mlipe mwenzio.

Kwa hiyo tawi kata. Embe mrudishie.

#36 Muuza Dodo
Na yaliyokwisha liwa?

#37 Wakili Asiye na Joho
Hayo nyamaza nayo.

#38 Chumvi Kidogo
Kesi ya 1919 Uingereza inaamua embe la Tabata. Nchi hii bado tamu.

#39 Mzaramo wa Kweli
Nimewaacha mseme, sasa niseme mwenye kwao. Mtoa mada hajatuambia kitu kimoja. Kwenye shina la huo mbuyu kuna nini? Kuna pango? Umeona kitambaa, vigae vya vyungu, sarafu?

#40 Kiwanja Namba Tisa
Umejuaje? Kuna mpasuko upande wa magharibi, mtoto anaweza kuingia. Ndani kuna kitambaa chekundu kimechakaa, chungu kimevunjika, na sarafu za zamani, nyingine za senti. Nilidhani ni michezo ya watoto.

#41 Karanga za Kuchemsha
Chekundu? Basi mbuyu wa Simba huo, ukate tu.

#42 Mzaramo wa Kweli
Karanga, na wewe.

Kiwanja Namba Tisa, hapo watu wanatambika. Kabla hakujapimwa viwanja palikuwa mashamba, na mbuyu ule ulikuwa mahali pa watu kupeleka shida zao, mvua ikikataa, mtoto akiugua. Walionunua baadaye wakaja na mawe ya mipaka, wazee wakanyamaza lakini hawakuhama. Mtendaji wako huenda hata hajui sheria yoyote kati ya zilizotajwa hapa. Ametumwa na wazee, na anaona aibu kukuambia mzimu, ndiyo maana anasema kibali. Nenda kwa mwenyekiti, uliza ni ukoo gani, nenda na sukari na kanga. Watakuambia wenyewe.

#43 Mjenzi wa Madale
Haya sasa, tumetoka kwenye Gazeti la Serikali tumefika kwenye sukari. Mimi bado nipo #4. Ni soda.

#44 Bwana Miti Mstaafu
Mjenzi, usidharau. Nimefanya kazi hii miaka thelathini. Misitu ya kutambikia niliikuta imesimama mahali ambapo hifadhi yenye bango na walinzi ilishageuka mkaa. Wenzetu wa Kenya makaya ya Mijikenda yameingizwa mpaka kwenye urithi wa dunia wa UNESCO, 2008. Yalilindwa na wazee kwanza, karatasi ikafuata baadaye sana.

Lakini pia sikubaliani na Mzaramo moja kwa moja. Mtendaji anaweza kuwa ametumwa na wazee, akawa anataka soda, na sheria ndogo ikawa ipo kweli. Nimeshawahi kuikuta yote matatu kwa mtu mmoja.

#45 Dalali Mkweli
Ngojeni niwape la nne ambalo hamlitaki. Kuna mtu anakitaka hicho kiwanja. Njia ya Bagamoyo bei zimepanda, anaona umeshindwa kujenga mwaka mzima, anakukata makali kwa kupitia mtaa, mwisho uuze kwa bei ya hasira. Mbuyu ni kisingizio. Jiulize nani alikupigia simu kuulizia kama unauza.

#46 Kiwanja Namba Tisa
Dalali umenitia baridi. Kuna mtu alipiga simu, kweli. Mwezi wa tatu.

#47 Chumvi Kidogo
"Dalali Mkweli" halafu anataja dalali. Aliyepiga si wewe kweli?

#48 Dalali Mkweli
😂 Ningekuwa mimi ningeshapunguza bei.

#49 Kibaridi cha Reading
Umri wa mbuyu huo nani anaujua? Huku umri unasaidia sana mti kupewa ulinzi. Ukiwa na miaka 500 watu wengi watautetea.

#50 Bwana Miti Mstaafu
Kila mbuyu mtaani una miaka 500, hata uliopandwa na bibi yako. Mbuyu hauhesabiki kirahisi kwa pete, mingine ina pango katikati, pale penye miaka ya mwanzo pameshakuwa hewa. Wanaopima huchukua vipande na kupima kaboni. Ipo iliyopimwa kusini mwa Afrika ikapita miaka elfu. Unene haukupi umri, unaponyeshewa vizuri unanenepa haraka.

Mtoa mada, uzunguke kwa futi utupe mzunguko. Namaanisha kuuzunguka kweli, Chumvi asiingilie.

#51 Kiwanja Namba Tisa
Nimeuzunguka leo jioni. Mita 11 na nusu, kimo cha kifua changu. Nikiwa pale wametoka popo kwenye lile pango, wengi, wakaelekea kwenye maua. Sikujua mbuyu unachanua usiku.

Fundi wangu alikuwepo pia. Anasema ramani inaweza kugeuzwa, sebule iangalie mbuyu, jiko lirudi nyuma. Lakini jiko likirudi nyuma linasogea korongoni mita saba nyingine.

#52 Wakili Asiye na Joho
Kwa hiyo ukiukwepa mti unaisogelea sheria ya mita 60. Ukiikwepa mita 60 unaingia kwenye mti. Huyo mpima aliyekata kiwanja hiki mtafuteni, ana maswali ya kujibu kuliko mtendaji.

#53 Fundi Futi Mbili
Ghorofa. Punguza upana, panda juu. Mbuyu kiangazi hauna jani hata moja, hautakuzibia jua wala upepo.

#54 Mjenzi wa Madale
Ghorofa ya nani, pesa ya nani. Oili chafu kwenye mizizi, usiku, miezi sita utakauka wenyewe na hakuna aliyekata.

#55 Bwana Miti Mstaafu
Mbuyu unabanduliwa gome lote ukaota jingine. Wewe na dumu lako la oili utazeeka. Na hiyo ya Poole (#23) jamaa naye alidhani hakuna anayeona.

#56 Mama Pacha wa Boko
Mjenzi na maji ya visima vya majirani je? Usitufundishe hayo.

#57 Mjenzi wa Madale
Nimefuta kauli mama. Samahani.

#58 Bi Ubuyu wa Manzese
Jamani nimefika nimechelewa. Miye sheria sijui. Huo mbuyu unazaa? Maana kuna ya dume dume tu, inatoa maua mwaka mzima haitoi hata kibuyu kimoja. Kama unazaa, mbegu zake tamu au chachu? Nanunua kwa gunia, nafuata mwenyewe na gari.

#59 Bwana Miti Mstaafu
Bi Ubuyu, mbuyu hauna dume wala jike, ua moja lina vyote. Usiozaa una sababu nyingine. Lakini wanawake wa sokoni wote wananikatalia hapo, nimeshazoea.

#60 Bi Ubuyu wa Manzese
Baba miye nimenunua ubuyu miaka ishirini. Ya dume ipo.

#61 Kiwanja Namba Tisa
Unazaa. Umejaa. Watoto wa mtaa wanaupiga mawe kila siku, ndiyo maana vigae vya jirani vimevunjika, hilo nalo ananidai mimi. Chachu kidogo, nimeonja.

Taarifa: nimemwandikia mtendaji barua kuomba namba za matangazo yote mawili kama wakili alivyosema, nakala kwa afisa mazingira. Ameipokea, amegonga muhuri, hakusema neno. Jumamosi natafuta sukari na kanga. Na kesho asubuhi anakuja mpima na futi ndefu, tunaanzia korongoni.

#62 Chumvi Kidogo
Mwambie aanzie upande wa masika.

#63 Bi Ubuyu wa Manzese
Nije Jumapili?